Vumbi kwenye sensa ya kamera: mwongozo kamili wa kulitoa mwenyewe bila kuua kamera

Kuna siku unafungua picha zako kwenye laptopu, anga limetulia, bluu safi kabisa, afu pale juu kulia kuna kidoa cha kijivu, kiduara kidogo chenye kingo za ukungu ukungu. Unapitisha kidole ukidhani ni uchafu wa skrini, hakitoki. Unaenda picha inayofuata, kipo. Ya tatu kipo palepale, na zile ulizoshika kamera wima kimegeuka pamoja na picha. Basi hapo ushajua, vumbi limehamia kwenye sensa na halilipi kodi.

(Sensa hapa sio ile ya kuhesabu watu jamani, namaanisha kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Wenye Kiswahili sanifu wanakiita kihisi, ila sisi tunaoshika kamera kila siku tumezoea sensa, tuendelee nayo.)

Naandika kwa kirefu sababu watu wanakosea pande mbili. Kuna wale wanaogopa mpaka kuitazama, miaka inapita wanafuta vidoa kimoja kimoja kwenye programu ya kuediti, na kuna wale wanavamia na pamba ya masikio na spiriti kama wanasafisha kidonda. Msimamo wangu ni kwamba vumbi linatolewa kwa ngazi: unaanza na njia isiyogusa sensa kabisa, na hushuki ngazi inayofuata mpaka ile ya kwanza ikushinde. Mimi mara nyingi naishia kwenye upepo tu, swabu za maji (vijiti vyenye kitambaa nchani vya kufutia kwa dawa) zinakaa kwenye droo hata mwaka.

Unachogusa ni nini hasa

Watu wengi hawajui kwamba hata ukiingiza kidole humo (usiingize), hugusi sensa yenyewe. Mbele yake kuna kioo chembamba chenye filta, filta ya kuzuia mwanga wa infraredi na kwenye kamera nyingi filta nyingine pia, na juu yake kimepakwa koti jembamba sana. Vumbi linakaa juu ya hicho kioo, na kutoka hapo mpaka kwenye pikseli kuna nafasi kidogo. Hiyo nafasi kidogo ndo inaeleza kila kitu, kwasababu unachokiona kwenye picha sio vumbi ni kivuli cha vumbi.

Chukua mkono wako uweke karibu na ukuta, chini ya taa ndefu ya tyubu kivuli kinafifia, hakieleweki. Zima taa, washa tochi ndogo, kivuli kinatokea kimekatwa kama kwa mkasi. Lenzi nayo ni hivohivo, ukiwa f/2.8 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi) tundu ni pana, mwanga unaingia kutoka pembe nyingi na kivuli cha vumbi kinayeyuka, ukienda f/16 tundu limekuwa dogo na kivuli kinajichora. Ndo maana mpiga picha za sura za watu anaweza kukaa na sensa chafu mwaka mzima akidhani kamera yake safi, wakati mwenzake wa milima na bahari analia kila wikiendi.

Kwahiyo kinachoweza kuharibika ni hilo koti, na kinacholiharibu mara nyingi sio kitambaa, ni punje ya mchanga unayoiburuta kwa kitambaa. Kitu kingine cha kuogopa ni mapazia ya shata (mlango unaofunguka na kujifunga mbele ya sensa unapopiga picha), yale mabamba membamba kama wembe, hayo yakikunjwa na ncha ya chombo chako ujue umejitafutia bili. Na kwenye DSLR (kamera zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye jicho la kuchungulia) usiguse kile kioo kinachonyanyuka wala ile skrini ya fokasi juu yake, vyote vinachubuka kirahisi kuliko sensa yenyewe.

Kwanza thibitisha

Usifungue kamera kabla hujapima. Vumbi lililo kwenye lenzi halitoi kidoa kidogo chenye umbo namna hii, hata chembe kubwa kwenye kioo cha mbele mara nyingi hutaiona kwenye picha kabisa. Na ukichungulia kwenye jicho la DSLR ukaona unywele, huo upo kwenye skrini ya fokasi, hauingii kwenye picha, unakera tu.

Kipimo ni hiki. Weka ISO 100, kamera kwenye modi ya kuchagua tundu la lenzi, f/16. Zima fokasi ya kujiendesha, zungusha mpaka mbali kabisa, halafu lenga kitu cheupe kilicho karibu, ukuta mweupe au skrini ya kompyuta iliyofunguliwa ukurasa mtupu, kusudi kiwe nje ya fokasi. Ongeza mwanga kama stopu moja (yaani mara mbili) isitoke kijivu. Bonyeza na wakati shata iko wazi tikisa kamera taratibu kulia kushoto, ndio nimesema tikisa, usishangae. Shata ikiwa nusu sekunde au sekunde moja ndo vizuri zaidi. Ukuta utaburutika uwe laini kama maziwa, lakini vumbi linatembea na kamera kwahiyo lenyewe halisogei kwenye picha. Chochote chenye umbo kilichobaki hapo ni cha kwenye sensa.

Fungua picha kwenye skrini kubwa, zuumu asilimia 100, pita mstari kwa mstari kama unasoma. Ukiongeza kontrasti vitajitokeza vyote, na kama una Lightroom (programu ya kuediti picha), kile chombo cha kufuta madoa kina sehemu imeandikwa "Visualize Spots", ukiiwasha picha inageuka nyeusi nyeupe na vidoa vinawaka kama nyota. Onyo, hilo jambo linatisha. Sensa yoyote iliyofanya kazi ukiipima kwa f/22 na kontrasti ya juu utaona takataka. Kama unapiga f/4 ndani ya ukumbi na kipimo kimeonesha vidoa vitano vidogo pembeni, funga kamera ukalale.

Kama vipo vya kutosha kukusumbua, weka alama vilipo, na hapa kichwa kinachanganyikiwa kidogo: lenzi inaipindua picha juu chini. Ukiwa umeishika kamera kikawaida, kitako chini, umeitoa lenzi na unaitazama uso kwa uso, kidoa kilicho juu kushoto kwenye picha utakikuta chini kushoto kwenye sensa. Yaani juu na chini ndo vinabadilishana, kushoto kunabaki kushoto kwako wewe unayeitazama. Mimi huwa nachora kiboksi kwenye karatasi naweka nukta, maana nikifika pale na tochi nishasahau.

Ngazi ya kwanza: kamera ijisafishe

Kamera nyingi zina mtetemo wa kusafisha sensa, kile kioo cha mbele ya sensa kinatetemeshwa kwa kasi kubwa sana vumbi linadondoka. Olympus ndo walianza na E-1 mwaka 2003, wengine wakafuata. Weka kamera imekaa wima kwenye meza kama ilivyo, lenzi au kifuniko kikiwa mahali pake, ingia kwenye menyu uiendeshe mara nne tano, halafu pima tena. Ikisaidia sawa, isiposaidia hujapoteza kitu.

Ngazi ya pili: upepo

Tafuta blowa ya mpira, lile puto la kubinya lenye mdomo mrefu, nunua kubwa kidogo, zile ndogo zinazokuja bure na seti ya kusafishia lenzi zinapumua kama mgonjwa. Kabla ya yote ibinye pembeni mara kadhaa, kwasababu yenyewe ikikaa kwenye begi inameza vumbi na pumzi yake ya kwanza ni uchafu.

Chumba kiwe kimetulia, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, na usivae sweta linalotoa manyoya. Nawa mikono. Halafu betri iwe imejaa, sio nusu, imejaa. Kwenye DSLR sensa imejificha nyuma ya kioo na mapazia, na vinavyovishikilia wazi ni umeme wa betri, chaji ikikata katikati vinajifunga na kilichopo ndani kinagongwa. Ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kusafisha kwa mkono, Canon wanaiita "Clean manually", Nikon "Lock mirror up for cleaning", wengine "Cleaning mode". Usitumie ujanja wa kufungua shata kwa modi ya "Bulb", ile inayoacha shata wazi muda wote umeshikilia kitufe, kidole kikiteleza tu umekwisha, na juu ya hapo sensa inakuwa inafanya kazi na umeme wake unavuta vumbi.

Wenye mirorlesi (kamera zisizo na kile kioo cha kunyanyuka) kwenu rahisi, ukitoa lenzi sensa inakutazama. Ila baadhi ya kamera hizo zinafunga shata ukizima ili kulinda sensa, kwahiyo usipulize wala kugusa ukidhani ni sensa kumbe ni mapazia yale ya wembe. Sensa ina mng'ao wa rangi rangi, kijani na zambarau, mapazia ni meusi au kijivu tu hayang'ai. Ukiona meusi, simama, soma kitabu cha kamera namna ya kuyafungua.

Sasa, shika kamera mdomo ukitazama chini, wewe unapuliza kutoka chini kwenda juu ili kinachong'oka kidondoke chenyewe. Ncha ya blowa isivuke ile ringi ya chuma ya kufungia lenzi. Binya kwa nguvu fupi fupi, kumi, kumi na tano, ukibadilisha pembe. Kwenye DSLR mimi huwa naanza kupuliza chumba cha kioo kabla sijakinyanyua, maana vumbi likibaki humo kesho linahamia kwenye sensa. Acha sekunde chache bado inatazama chini, rudisha lenzi, pima.

Kopo la hewa la kusafishia kompyuta hapana. Ndani lina kimiminika, ukiliinamisha kinatoka cha baridi kali na kinaacha doa ambalo sasa sio vumbi tena. Na mdomo wako pia hapana, hii nasema kwa machungu yangu, nilikuwa na kidoa kimoja tu, blowa nimeiacha nyumbani, nikasema kapumzi kamoja kataua nini. Nilipopima nikakuta viduara sita vipya vyenye ukingo mweusi, mate yamekauka. Kidoa cha mwanzo kilikuwepo vilevile kinanitazama.

Ngazi ya tatu: kijiti cha gundi

Hiki ni kijiti chenye kichwa cha jeli inayonata, kinauzwa na karatasi zake zenye gundi. Kinafaa sana kwa chembe moja mbili zilizokaidi upepo. Unakishusha wima juu ya chembe, unagusa, unanyanyua. Husugui, huburuti, unagonga muhuri. Kila mguso ukiisha bonyeza kichwa kwenye karatasi ya gundi ili uchafu uhamie huko, la sivyo unauchukua hapa unaupanda pale. Angalia maandishi ya pakiti kama yanataja kamera yako, kwasababu jeli haziko sawa na makoti ya sensa hayako sawa.

Kama kamera yako ina utulivu wa ndani wa kuzuia picha kutikisika, yaani sensa yenyewe inaelea, utaiona inacheza kidogo ukigusa. Ni kawaida, ila usiikandamize. Baadhi ya kamera zinaifunga ukiingia kwenye modi ya kusafisha, sababu nyingine ya kupita kwenye menyu badala ya kuzima tu.

Brashi sijazitaja kama ngazi na ni kusudi. Zipo nzuri, lakini brashi ikigusa ukuta wa chumba cha kamera mara moja tu inabeba grisi, na ukirudi kwenye sensa unapaka. Wenye mikono mitulivu watumieni, mimi hapana.

Ngazi ya nne: swabu ya maji

Hapa umefika kwasababu kuna kitu kimeganda: mate kama yangu, chavua, mafuta ya shata. Mafuta yanajulikana kwa duara lake, katikati panapitisha mwanga kidogo na ukingo ni mweusi. Kamera mpya kabisa inaweza kurusha mafuta, Nikon D600 ya mwaka 2012 ilipata sifa mbaya kwa hilo mpaka baadae Nikon wakawa wanabadilisha shata bure. Upepo kwa mafuta haufanyi kitu, utabinya mpaka mkono uchoke.

Nunua swabu zilizofungwa moja moja, saizi ya sensa yako. Fulfremu (sensa kubwa) ni milimita 36 kwa 24, swabu yake ni ya upana wa milimita 24. APS-C (sensa ndogo zaidi) ina kimo cha kama 15 hivi, swabu yake ni ya 16. Upana wa swabu uendane na kimo cha sensa ili pasi moja imalize, ukitumia ndogo utaacha mstari katikati. Dawa iwe ile ya sensa, baadhi ni methanoli safi inayokauka yenyewe bila kuacha kitu. Inashika moto na mvuke wake sio wa kuvuta, kwahiyo mbali na moto na sigara, fungua dirisha ukimaliza. Spiriti ya kidonda ina maji na vingine vinavyobaki, dawa ya kusafishia vioo vya dirisha ndo usiilete kabisa, na pamba ya masikio inaacha nyuzi.

Kwanza puliza tena kwa blowa, hata kama umepuliza jana. Hii ndo hatua inayokuokoa, maana swabu ikikutana na mchanga inageuka msasa.

Halafu dondosha matone mawili kwenye ncha ya swabu, matatu kwa fulfremu. Subiri sekunde tano yasambae. Inatakiwa iwe na unyevu, isitiririke, ukiminya kwa mawazo yako isitoe tone. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanaogopa swabu kavu wanailowesha kama fagio la chooni, matokeo maji yanakimbilia kwenye kingo za sensa na yakikauka yanaacha michirizi.

Kamera ilale chali, sensa inatazama juu, taa inatoka pembeni. Ingiza swabu bila kugusa kuta, iweke kwenye ukingo wa kushoto imelala kidogo upande unaoelekea, kama kisu kinavyopaka siagi. Nguvu ni ya mtu anayepaka wanja, ncha inapinda kidogo basi. Vuta kwenda kulia mwendo mmoja, bila kusimama njiani, kama sekunde mbili. Ukitazama kwa pembe utaona ukungu mwembamba unafuata nyuma ya swabu na unajifuta wenyewe, hiyo ni dawa inaondoka, ukiuona umefuatana hivyo ujue kiasi cha dawa kilikuwa sawasawa. Ukifika ukingo wa kulia nyanyua, geuza swabu upande wa pili ambao bado msafi, rudi kulia kwenda kushoto. Nyanyua. Tupa.

Tupa nimesema. Najua zina bei na mkono unasita, lakini ile ncha sasa imebeba ulichokitoa.

Pima. Mara ya kwanza inaweza kuonesha hali imekuwa mbaya zaidi, uchafu uliokuwa katikati umesukumwa pembeni, usipaniki, swabu ya pili inamaliza. Michirizi nayo inatoka kwa swabu mpya yenye tone moja pungufu. Nikishafika swabu ya tatu au ya nne na bado kidoa kipo palepale, hakijasogea hata nywele moja, naacha. Inaweza kuwa mkwaruzo kwenye koti au uchafu uko chini ya kioo, na hapo ni kazi ya fundi wa kamera, ambaye anaweza kubadilisha kioo cha mbele bila kubadilisha sensa nzima. Kuendelea kusugua ni hasira tu.

Lisirudi haraka

Kuzuia kabisa haiwezekani, ila kuna tabia zinasaidia. Zima kamera kabla ya kubadilisha lenzi, itazamishe chini, lenzi ya pili iwe tayari imelegezwa kifuniko chake, upepo upe mgongo. Kitu ambacho watu wanasahau ni vile vifuniko vya plastiki, cha nyuma ya lenzi na cha kamera. Vinakaa mfukoni na makombo na nyuzi, halafu unakipachika nyuma ya lenzi, lenzi unaipachika kwenye kamera, umejipelekea vumbi mwenyewe mlangoni. Vioshe, vikauke, na ukibadilisha lenzi vifunge vyenyewe kwa vyenyewe ana kwa ana. Begi nalo ligeuze ulikung'ute mara mojamoja.

Na zile picha ulizokwisha piga?

Usifute moja moja. Kwenye Lightroom safisha vidoa kwenye picha moja yenye anga, halafu nakili ule ufutaji ubandike kwa picha zote za siku hiyo, kwasababu vidoa viko palepale kwenye kila fremu. Zipitie tu baadae, maana pale kidoa kilipoangukia kwenye jicho la mtu au kwenye nguo yenye maua programu inaweza kuchukua kipande cha mahali pasipo. Canon na Nikon wana njia yao pia, unapiga picha moja ya kitu cheupe, kamera inakumbuka ramani ya vumbi, na programu yao kwenye kompyuta inalitoa. Ila ile ramani ni ya vumbi la wakati huo, ukisafisha sensa au ukiendesha mtetemo tu, piga nyingine, la sivyo inafuta mahali ambapo hakuna kitu na kuacha palipo na kitu.

Ile picha ya kipimo ya mwisho, ya sensa safi, usiifute. Ipe jina la tarehe uiweke. Safari ijayo ukiona kidoa unazilinganisha mbili, unajua kipi kipya na kipi ni kile cha pembeni ulichokwisha kubali kuishi nacho.